Kabla Hujaicheka Benga ya Ukambani, Geuza Santuri

Wiki jana nimeiona tena ile klipu. Hata kama si hiyo hiyo, unaijua: jamaa amevaa koti la babake, anatikisa mabega ovyo makusudi, nyuma inacheza benga ya Kikamba, na huko kwa maoni watu wanalia kwa kicheko. Mmoja ameandika kwamba huo ni muziki wa walevi wa sokoni. Nilicheka pia, sidanganyi. Halafu nikaona aibu, kwa sababu wimbo wenyewe naujua. Susu yangu kule Makueni anaujua neno kwa neno, na ukipigwa kwake hakuna anayecheka.

Kwa hivyo leo ni somo la historia, wasee, na linaanza na swali. Mbona tunavaa fulana za bendi za roki za Uingereza, tunajua nani alipiga gitaa na nani alipiga drams, lakini bendi za Ukambani hatuwezi kutaja hata tatu? Muundo ni ule ule. Vijana wachache, magitaa mawili au matatu, besi, drams, na studio ya mjini ambayo wanaifikia kwa nauli ya kuungaunga.

Tuanze na ramani. Hadi 1992, Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Ukisikia mzee akisema "bendi za Machakos", usidhani anamaanisha mji wa Machakos peke yake. Milima ya Mbooni, Kilungu na Nzaui yote ilihesabiwa humo. Kitui ilikuwa wilaya yake, ng'ambo ya mashariki. Na bendi zilipenda kubeba jina la kwao. Lower Mbooni Boys Band, kwa mfano, hawakuhitaji kukueleza wametoka wapi. Boys, Brothers, halafu jina la mahali: ukinunua santuri yao, umenunua kijiji kizima.

Lakini kabla ya gitaa kulikuwa na ngui. Ngui ni yule mtunzi anayeongoza wimbo kwenye ngoma za Wakamba. Katika nyimbo za myali, zilizoimbwa Kitui na upande wa Machakos, ngui alikuwa na kazi moja ngumu: kusema hadharani kile ambacho watu wanakinong'ona. Chifu akila, anaimbwa. Mtu akiiacha familia yake na njaa, anaimbwa. Shika hiyo, tutairudia.

Sasa gitaa. Benga ilizaliwa kwa Waluo, kando ya Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1970 jamii nyingine za Kenya zilikuwa zimeichukua na kuivalisha nguo za kwao. Kuanzia katikati ya miaka hiyo, majina matatu yalitawala Ukambani: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na Kalambya Boys walioongozwa na Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti.

Weka iafoni usikilize walichofanya. Gitaa moja linatembea chini, linashikilia wimbo. Lingine linapanda juu kabisa ya shingo na kupiga noti nyepesi, za haraka, zinazozunguka kama gurudumu la baiskeli, zikijaza kila nafasi ambayo besi na drams zimeiacha wazi. Halipigi kelele. Ukiwa kwenye matatu yenye spika mbovu unaweza hata usilisikie. Lakini liondoe, na wimbo wote unalegea. Hiyo ndiyo sahihi ya benga ya Kikamba. Mwambi naye aliongeza uzito: ngoma ya mguu inagonga na kugonga, haikupi nafasi ya kukaa chini. Wengine wanasema inachosha. Mimi nasema hawajawahi kuisikia usiku, watu wakiwa wamesimama tayari.

Rekodi zenyewe zilikuwa santuri ndogo za mizunguko 45, na biashara yake ilikuwa Nairobi, hasa River Road. Upande mmoja wa santuri ile unabeba dakika chache tu, kwa hivyo wimbo uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza unapata hadithi: nani amemkosea nani, pesa zimeenda wapi. Halafu lazima uinuke, ugeuze santuri, na upande wa pili maneno yanapungua na magitaa yanachukua usukani. Hapo ndipo watu walichezea. Sisi tunasikiliza sekunde kumi na tano za mwanzo, tunacheka, tunapita. Tumeukosa upande wa pili wote.

Turudi kwa yule ngui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kalambya Boys walipiga nyuma ya kundi la wanawake, Kalambya Sisters, na wakatoa "Katelina". Sauti nyembamba, za juu sana, zinaimba pamoja kwa utamu, kama watoto wanaochongea mtu. Hadithi ni ya msichana anayependa uki, pombe ya kienyeji, na kila mwaka anapata mimba. Ukumbi mzima unacheka.

Hapa nina maoni yangu na najua nitatukanwa. Kama muziki, ni wimbo mtamu kuliko ngoma nyingi unazosikia klabu leo. Lakini ngui wa zamani aliimba mkubwa akitetemeka. Hapa anayechekwa ni msichana, na mimba hazikuja zenyewe. Vitu viwili hivi vinakaa pamoja kwenye santuri moja na mimi nakataa kuchagua kimoja. Kuheshimu muziki wa wazee si kuunyamazia. Ni kuusikiliza vizuri mpaka ubishane nao, jinsi tunavyobishana kuhusu rapa yeyote.

Kakai Kilonzo alikuwa na swali lingine: nani atanisikia? Kilimambogo, mlima uliompa jina, uko karibu na Thika, nje ya Kitui na Makueni, na pale Ukambani unapakana na watu wa kila lugha. Kakai aliimba Kikamba, lakini pia aliamua kuimba Kiswahili, juu ya mambo ambayo Mkenya yeyote angeyaelewa. Magitaa yakabaki ya kwao, maneno yakawa ya nchi nzima, na nchi ikamfuata. Alifariki 1987, bado kijana. Mtu akikuambia leo kwamba muziki wa Kikamba ni wa Wakamba tu, mwambie Kakai alishalijibu hilo kabla hatujazaliwa.

Kinachoniuma ni hiki. Miaka ya mwanzo ya 1990, lebo ya Earthworks kule Uingereza ilikusanya nyimbo za Kenya kwenye albamu kama Guitar Paradise of East Africa na Kenya Dance Mania. Mwaka 2013, Soundway ya London ikatoa Kenya Special, na Kalambya Boys wamo. Watu wa London wanalipia muziki huu pesa nzuri, wanasoma maelezo ya jalada, wanajua mwaka. Sisi tuna susu anayeyajua maneno yote, na tunamwekea klipu ya kumcheka.

Siwalaumu Waingereza, walifanya kazi ambayo hatukuifanya. Lakini jina lililoandikwa kwenye santuri mara nyingi ni la kiongozi wa bendi. Yule aliyekuwa pembeni, akipiga lile gitaa la juu linalozunguka, huenda yuko kwake Mbooni au Mutomo saa hii, anachunga mbuzi wawili, na mjukuu wake yuko Nairobi anaangalia klipu ile ile.

Desemba tutapanda matatu kwenda ocha, kama kila mwaka. Ukifika, cheza wimbo mmoja wa zamani kwenye simu, wote mpaka mwisho, na umuulize mkubwa aliye karibu: hili gitaa la pili ni la nani? Akikupa jina, liandike.