Shilingi Yenye Mlango Mmoja

Pointi za ndege ni ahadi iliyolipiwa mapema: mnunuzi hutoa fedha leo, na aliyeziuza hubaki na uwezo wa kuamua kesho zitanunua nini. Turkana ilizoea thamani ya namna hii kabla shirika lolote la ndege halijaanza kuhesabu safari za wateja wake. Kutoka Lowarengak, makazi ya wavuvi kwenye ufuo wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Turkana, hadi Lodwar na Kakuma, mali isiyokuwa fedha taslimu imepita mikononi mwa watu kwa sura nyingi.

Ya kwanza ilikuwa na miguu minne. P. H. Gulliver, katika kitabu chake The Family Herds cha 1955, alieleza jinsi mwanamume wa Kiturkana alivyojijengea mtandao wa marafiki wa mifugo. Aliyemsaidia mwenzake kwa mnyama wa mahari alitarajia kusaidiwa naye siku yake ikifika, hata kama ingechukua miaka. Hatari ilikuwepo, na haikuwa ndogo, kwani ukame ukipiga pande zote mdaiwa naye hubaki mikono mitupu. Lakini hakuna upande uliokuwa na nguvu ya kuamka asubuhi na kutangaza kwamba ngamia wa jana sasa ni sawa na mbuzi. Mtoaji wa leo alikuwa mwombaji wa kesho, na hilo peke yake lilimfunga.

Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye ile ya 1979 hadi 1981, zilileta utaratibu mwingine. Waliopoteza mifugo walielekezwa ziwani kuvua, hasa upande wa Kalokol, na wengine wakafanya kazi za umma zilizolipwa kwa chakula. Kibarua aliyelipwa mahindi alikuwa na mshahara, ila ulikuwa mshahara unaolika tu. Akihitaji dawa au nguo, ilibidi auze mahindi yenyewe, tena wakati ambapo majirani zake wote walikuwa na mahindi ya kuuza. Ziwani nako kukaingia deni la nyavu: mchuuzi humtangulizia mvuvi nyavu au unga, na samaki wakishakaushwa huuziwa yeye, kwa bei yake. Mchuuzi hapo amenunua samaki ambao bado wanaogelea, na punguzo analopata ndilo malipo ya kungoja kwake.

Kambi ya Kakuma ilipopokea wakimbizi kutoka Sudan mwaka 1992, kadi ya mgao ikawa ndiyo pochi ya kila kaya. Nafaka, kunde, mafuta na chumvi vilipimwa na kugawiwa. Sehemu ya mgao huo haikufika chunguni. Iliuzwa au kubadilishwa kwa kuni na makaa yaliyoletwa na wanawake wa Kiturkana, kwa sababu unga bila moto haupikiki. Kila badilishano lilimega sehemu ya thamani.

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuondoa sehemu ya nafaka na kuweka badala yake salio la simu lililoitwa Bamba Chakula. Jina lilichaguliwa vizuri. Kubamba, kwa Sheng, ni kupata, na Wakenya walikuwa tayari wanalijua neno hilo kutoka kwenye kadi za kukwangua za Safaricom. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa jirani na Kakuma, kila mtu aliwekewa shilingi 1,400 kwa mwezi. Zilikuwa shilingi kwa jina. Hazikuweza kutolewa taslimu kwa wakala. Zilinunua chakula tu, tena kwa wafanyabiashara walioidhinishwa.

Familia iliyohitaji ada ya shule au sabuni ilinunua chakula kwa bei ya dukani na kukiuza kwa bei ya chini. Wengine walichukua bidhaa kwa deni na kumwachia mwenye duka laini ya simu pamoja na namba ya siri, hivi kwamba salio la mwezi lilikuwa limeliwa kabla halijaingia. Si haki kumlaumu mwenye duka peke yake. Yeye ndiye aliyelisha nyumba hizo pesa zilipochelewa. Kasoro ilikuwa kwamba shilingi hizo zilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, yaani chakula. Kuanzia 2019 kaya za Kalobeyei zilianza kuhamishiwa kwenye fedha taslimu kupitia akaunti za benki, na hapo shilingi 1,400 zikawa shilingi 1,400.

Pointi za makampuni ni ndugu wa salio la Bamba Chakula, ingawa ndugu wa tumbo lililoshiba. American Airlines ilianzisha AAdvantage mwaka 1981 kama zawadi kwa wasafiri wa mara kwa mara; baadaye mashirika yakagundua kwamba zawadi yenyewe inauzika, kwa benki na kwa abiria. Kenya Airways ilikuwa ndani ya Flying Blue ya Air France na KLM kabla ya kuanzisha mpango wake, Asante. Nchini Kenya, hata hivyo, wengi walizijua pointi kupitia Bonga, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007. Mwishoni mwa 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuwa pointi za zamani zitaanza kufutwa, kisha ikausitisha mpango huo wateja walipolalamika. Rafiki wa mifugo hakuwahi kuwa na uwezo huo.

Hesabu ya kununua pointi hufuata kanuni ile ile ya unga wa Kakuma: zina thamani ya fedha taslimu zinazookoa, si bei iliyobandikwa juu yake. Tuseme tiketi ni shilingi 30,000, na kwa pointi ni pointi 15,000 pamoja na kodi ya shilingi 9,000. Pointi hizo zimeokoa shilingi 21,000, yaani shilingi 1.40 kila moja. Zikiuzwa shilingi 2.50, anayezinunua zote atatoa shilingi 37,500 kuokoa 21,000. Lakini mwenye pointi 14,000 anayepungukiwa 1,000 atatoa shilingi 2,500 tu, na hapo amenunua vizuri, mradi kiti kipo na anakata tiketi siku hiyo hiyo. Kuziweka akiba ni kumkopesha mwuzaji bila riba.

Kwa msafiri wa Lowarengak kuna hesabu moja zaidi. Kenya Airways haina safari ya Lodwar. Usafiri wa barabara wa kufika Lodwar hulipiwa taslimu, na ndege ndogo ya kutoka hapo kwenda Nairobi hulipiwa taslimu pia, kwa hiyo pointi zake huanza kufaa Nairobi.