Matanga, Hitima na Subira ya Wafiwa

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na 629 wa Miladi, ilipofika Madina habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa za Jaafar, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Na katika amri hiyo fupi ndimo mlimo asili ya mengi tuyaonayo hata leo katika nyumba za msiba, tangu Lamu hata Kilwa.

Dini haikumkataza mfiwa kulia, kwani Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Ilichomkataza ni kujipiga mashavu na kupasua nguo, kisha ikaiwekea huzuni mipaka: siku 3 kwa wafiwa wote, na kwa mjane eda ya miezi 4 na siku 10. Naiona rehema kubwa katika hesabu hiyo, maana moyo uliopigwa na mauti hauna nguvu za kujipimia wenyewe muda wa kuomboleza.

Juu ya sheria hiyo wazee wetu wa pwani walijenga ada zao, nayo iliyo bora kwangu ni hitima, ingawa wanavyuoni wamehitilafiana juu yake. Hutandikwa majamvi, ubani ukafukizwa, na juzuu 30 zilizojalidiwa mbalimbali zikagawiwa waliohudhuria, kila mtu yake. Kijana wa chuoni asiyehitimu bado hupewa Juzuu Amma, kwa kuwa ndiyo aliyoanzia kusoma. Na kwa muda usiotimia saa moja Kurani nzima huwa imekwisha kusomwa. Mfiwa naye hushika juzuu yake, na yule ambaye tangu asubuhi hakuwa na neno ila kuitikia makiwa ya wanaoingia, sasa ana maneno mbele ya macho yake, na sauti yake imo katikati ya sauti za wenziwe, wala hapana anayemtaka aeleze lililo moyoni mwake. Hiyo ndiyo subira ilivyofunzwa kwetu, kwa kuketi pamoja.

Lakini ada hii iliingiwa na israfu, mfiwa akawa ndiye mwenye kuchinja na kupika pilau, hata wengine wakatoka matangani na deni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alizikemea israfu za namna hiyo, na haki ilikuwa yake, kwa kuwa kumlisha jirani kwa mali ya mfiwa ni kuipindua ile amri ya Madina. Basi, ndugu zangu, tukisikia mauti mtaani tutangulize sufuria zetu, na jiko la wafiwa tuliache lipumzike siku zote 3.