Fedha Isiyo na Muhuri

Katika Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni pesa. Kwa upande wa mapambo ya pwani yetu, maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati tu. Bangili, mikufu na mitali waliyovaa bibi zetu Unguja mara nyingi ilikuwa pesa kwanza, kisha ikayeyushwa.

Pesa yenyewe ilikuwa reale. Wazee walitofautisha reale ya mzinga, sarafu ya Kihispania ambayo nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga, na reale ya Sham, ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo, 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini sura hiyo kuliko nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha safi. Kwa hiyo sonara (neno tulilopewa na Wahindi, pamoja na masonara wengi wenyewe) hakuhitaji maabara. Mteja alimletea reale zake, naye akazifua kuwa mtali. Siku ya shida mtali uliweza kurudi kuwa pesa, na ulikuwa mali ya mwanamke mwenyewe.

Hapa London mambo ni tofauti kabisa. Tangu sheria ya mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1300, vyombo vya fedha hukaguliwa na kupigwa muhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi ya mwaka, na mwaka 1544 akaja simba anayetembea, alama ya fedha ya 925 kwa 1000. Kijiko cha Kiingereza hujieleza chenyewe: nani alikitengeneza, kilikaguliwa wapi, mwaka gani. Nenda London Silver Vaults, yale maduka ya chini ya ardhi pale Chancery Lane, utazame wauzaji. Hugeuza chombo kusoma mgongo wake kabla ya kuutazama uzuri wake.

Lakini muhuri nao huigwa. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kupaka fedha kwa umeme, na watengenezaji wengi wakaanza kupanga vialama vidogo mstari mmoja, kila kimoja kwenye ngao yake, ili kwa mbali vifanane na mihuri halali. Simba hayumo. Ukiona herufi EPNS, ujue ndani mna shaba, nikeli na zinki, na fedha ni ngozi ya juu tu. Ile ya zamani zaidi, ya Sheffield, ni bati jembamba la fedha lililoshikanishwa na shaba. Kingo zikilika, wekundu hutokeza. (Kwa watoza vitu vya kale wekundu huo si aibu, na wengine huulipia vizuri.)

Sasa chukua mitali ya Unguja uipeleke kwa mnunuzi wa jiji hili. Ya nyumbani kwetu ilipelekwa. Mnunuzi aliigeuza, hakuona muhuri, akataja bei ya kuyeyushia, tena akapunguza kwa sababu haifiki 925. Mama akairudisha mkobani.

Sheria haikuwa dhidi yake. Sheria ya mihuri ya mwaka 1973 hairuhusu kitu kinachozidi gramu 7.78 kuuzwa kwa jina la fedha bila muhuri, lakini vilivyotengenezwa kabla ya 1950 vimesamehewa, mradi usafi wake ufike 800 na visiwe vimegeuzwa. Fedha ya reale, 833, inavuka kizingiti hicho. Cha kuchekesha ni kwamba kuanzia 1936 hadi 1961 kiwanda cha sarafu cha serikali pale Tower Hill, hapahapa London, kilikuwa kikipiga reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780, baada ya Italia kujipatia mihuri ya Vienna kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi.

Basi kitu kisicho na muhuri kisomwe vipi? Tazama palipolika: weupe ukiendelea hadi ndani, si cha kupakwa. Tazama alama za nyundo na namna vipande vilivyounganishwa. Usikisugue mpaka king'ae, kwani weusi wa kwenye nakshi ni sehemu ya umri wake. Kisha uliza, kwani kwetu maelezo yalihifadhiwa kichwani, hayakuchongwa mgongoni.

Bibi yangu amekuwa akisema siku zote kwamba mitali ile ni "reale sita kila mguu". Reale kumi na mbili ni gramu 336 na ushei. Tuliiweka yote miwili kwenye mizani ya jikoni, baada ya miaka yote ya kuvaliwa na kulika, ikasoma gramu 331.