Bima juu ya Uhai wa Mwenzako

Mwaka 1770, katika mji wa Newmarket nchini Uingereza, vijana wawili wa kitajiri, Pigot na Codrington, waliwekeana dau wakiwa mezani: baba wa nani atatangulia kufa? Codrington hakuridhika na masharti, na Lord March akaichukua nafasi yake. Wote hawakujua kwamba mzee Pigot alikwisha kukata roho kabla dau halijawekwa. Pigot alipodaiwa gini 500 alikataa kulipa, na mwaka 1771 kesi ikafika mbele ya Jaji Mkuu Lord Mansfield. Jopo la raia waliokaa kama waamuzi likampa March fedha zake. Kilichobishaniwa ni kama dau linafunga ilhali mmoja wa wazee alikuwa maiti tayari. Kwamba uhai wa baba wa mtu ulikuwa umewekwa mezani kama karata, hilo halikuwa kosa mbele ya sheria. Tukitaka kuelewa kwa nini leo kampuni ya bima humuuliza mnunuzi ana uhusiano gani na mtu anayemkatia bima, lazima tuanzie hapo, kwa sababu swali hilo lilizaliwa na aibu. Hoja yangu ni kwamba swali hilo ni zuri lakini ni nusu ya haki. Humuuliza mnunuzi atapoteza nini, na humwacha mwenye uhai bila kuulizwa neno.

Katika mikahawa ya kahawa ya London ya karne ya 18, bima na kamari vilikaa benchi moja. Mtu yeyote mwenye fedha aliweza kumwendea mfanyabiashara wa bima, akalipa ada, akapewa hati inayomwahidi malipo fulani akifa mtu ambaye hata hajapata kuonana naye. Mfalme George wa Pili alipokwenda vitani Dettingen mwaka 1743, watu walinunua hati juu ya kurudi kwake. Admirali Byng alipokuwa akisubiri hukumu iliyomfikisha kwenye risasi mwaka 1757, uhai wake nao ulikuwa na bei. Kulikuwa na nchi zilizoiona hatari hiyo mapema: sheria ya bahari ya Ufaransa ya mwaka 1681 ilikataza kabisa bima juu ya maisha ya watu. Waingereza wenyewe walikwisha kupiga marufuku mwaka 1745 bima ya meli kwa mtu asiye na mali ndani yake, lakini miili ya watu ikaachwa sokoni karibu miaka 30 zaidi. Meli ilipata kinga kabla ya binadamu.

Sheria ya mwaka 1774 ndiyo iliyofunga mlango. Ilibatilisha bima juu ya uhai wa mtu kwa mnunuzi asiye na maslahi ndani yake, ikataka jina la mwenye maslahi liandikwe kwenye hati, na ikazuia asilipwe zaidi ya thamani ya maslahi hayo. Mkopeshaji aliweza kumkatia bima mdaiwa wake kwa kiasi cha deni, mpita njia hakuweza. Mahakama zikaishika kanuni hiyo kwa ukali. Waziri Mkuu William Pitt alipofariki mwaka 1806 akiwa na madeni mengi, watengenezaji wa magari yake ya farasi walidai pauni 500 walizomkatia bima. Bunge lilikuwa limetoa fedha za kulipa madeni ya marehemu na wao wakalipwa chao, hivyo mwaka uliofuata mahakama ikasema hawana walichopoteza na hawaidai bima kitu. Uamuzi huo ulipinduliwa mwaka 1854, mahakama iliposema yatosha maslahi yawepo siku ya kukata bima. Hata hivyo msingi ulibaki: anayenunua awe na sababu ya kutaka mwenzake aishi. Hapo ndipo bima na kamari zilipoachana, na ni hatua ya kushukuriwa.

Lakini tuipime kanuni hiyo kwa kesi ngumu kuliko zote. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya watumwa ya Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, waliwatosa baharini Waafrika wapatao 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima ya pauni 30 kwa kila mmoja, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yakiisha. Shauri lilisikilizwa mwaka 1783, na jopo la kwanza likawapa wenye meli haki. Ni baada ya rufaa ndipo Lord Mansfield yuleyule na wenzake walipoamuru kesi isikilizwe upya. Hiyo ilikuwa bima ya shehena, na hapo ndipo penye uchungu wake. Ukiuliza kama wenye meli walikuwa na maslahi, jibu ni ndiyo, na yalihesabika hadi pauni ya mwisho. Huko Marekani, katika miaka ya 1840 na 1850, makampuni yaliuza bima ya maisha juu ya watumwa, na fedha zilikwenda kwa bwana. Naye alipita kwenye kipimo cha maslahi bila kikwazo. Kanuni inayomtazama mnunuzi peke yake haiwezi kumtofautisha mjane na mmiliki wa watumwa, kwa kuwa wote wawili watapoteza kitu.

Mtu atasema kwamba hapo kosa ni la utumwa, si la bima, na utumwa ulipokwisha tatizo nalo likaisha. Halikuisha. Katika Uingereza ya viwanda, wazazi maskini waliwaandikisha watoto wao katika vyama vya mazishi, na hofu kwamba baadhi ya watoto walikufa kwa ajili ya fedha hizo ilikua hadi sheria ya mwaka 1875 ikaweka kikomo: pauni 6 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, pauni 10 kwa aliye chini ya miaka kumi. Wazazi wengi walitaka tu kumzika mtoto kwa heshima, lakini wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2021, askari polisi wa zamani alitiwa hatiani kwa kuwaua mpenzi wake na ndugu zake watano ili apate malipo ya bima. Undugu, ambao kanuni huutazama kama dhamana, ndio uliomfungulia njia.

Wengine walishika njia tofauti. Sheria ya bima ya Ujerumani ya mwaka 1908 ilidai ridhaa ya maandishi ya mtu anayekatiwa bima ya kifo, na Ufaransa ikafanya vivyo hivyo mwaka 1930. Ridhaa nayo ina mipaka yake: mtoto mchanga hawezi kuitoa, na mtu mzima anaweza kurubuniwa. Kwa hiyo siitaki ichukue nafasi ya maslahi, nataka visimame pamoja, na pale ridhaa isipowezekana, kiwango kiwe kidogo kama kile cha 1875.

Jambo hili linatugusa sisi, kwa sababu sheria za bima za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya msingi wa Kiingereza, na bima ya mazishi sasa inauzwa kwa watoto wanaotaka kuwakatia wazazi na hata wakwe zao. Pingamizi kubwa hapa ni la adabu: kumwendea mzee na karatasi inayotaja kifo chake ni uchuro. Naliheshimu pingamizi hilo, ila wazee wetu hawakuwahi kulikimbia neno kifo. Waliacha wosia, wakataja watakapozikwa, wakataja nani anawadai na nani wanamdai. Kumwomba mzee atie saini au dole gumba lake kwenye hati hiyo ni kumweka ndani ya mazungumzo ambayo daima yalikuwa yake. Mzee Pigot alikufa bila kujua kwamba uhai wake ulikuwa karibu kuwekewa dau mezani. Anayekatiwa bima leo anastahili kuujua mkataba kabla haujaandikwa, na kuwa na uwezo wa kusema hapana.