Simba Jukwaani na Watazamaji Wake

Tarehe 13 Novemba 1997 ulifunguliwa rasmi, katika ukumbi wa New Amsterdam mjini New York, mchezo wa muziki uitwao The Lion King. Mchezo huo ulitokana na filamu ya katuni iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994, nao umekwisha kutazamwa na watu zaidi ya milioni 100 katika nchi nyingi. Sisi wenye Kiswahili twapaswa kuijua historia ya mapokezi yake, kwa kuwa majina ya baadhi ya wahusika wake, yaani Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi, yametoka vinywani mwetu. Na wengi waliocheka au kulia mbele ya wahusika hao hawakujua maana ya majina yao.

Mwanzoni wapo waliotia shaka. Katuni hufanya ipendavyo: mnyama hunena, huruka na kuanguka genge zima, na mchoro haulalamiki. Jukwaa halina uhuru huo. Mwaka 1994 Disney ilikwisha kuipandisha jukwaani katuni nyingine, Beauty and the Beast, na baadhi ya wahakiki waliona kwamba waandaaji walijitahidi mno kuifananisha na filamu. Kwa hiyo kazi ya simba ilipokabidhiwa Julie Taymor, mwanamke aliyezoea maonyesho ya majaribio na aliyewahi kuishi Indonesia miaka ya 1970, palikuwa na sababu ya kujiuliza kampuni tajiri na msanii wa namna hiyo wangepatana vipi.

Jibu limo katika dakika za kwanza za mchezo. Rafiki, ambaye katika filamu ni nyani dume na jukwaani amefanywa mganga wa kike, hupaza sauti kwa Kizulu kutangaza kuja kwa simba, na waimbaji wengine humwitikia kutoka pembeni mwa ukumbi. Jua la vipande vya hariri huchomoza. Twiga huingia polepole, nao ni watu waliopanda mironjo, miguuni na mikononi pia. Kisha ndovu na ndege hupita katikati ya viti, karibu kuwagusa watazamaji mabegani. Tangu maonyesho ya kwanza ya mji wa Minneapolis, Julai 1997, sehemu hii ndiyo inayotajwa kuliko zote na walioutazama mchezo. Watu wazima, waliodhani wamewasindikiza watoto tu, hutokwa machozi kabla hadithi yenyewe haijaanza.

Kwa nini walie? Twadhani sababu ni kwamba hawakudanganywa. Kinyago cha simba hukaa juu ya kichwa cha mchezaji, na uso wa mtu huonekana chini yake. Simba akighadhibika, kinyago hushuka mbele ya uso. Majike ya simba yanapoomboleza huvuta utepe mweupe kutoka machoni, na kila mtu anaona kuwa ni utepe. Mtazamaji hupewa kazi ya kumfanya mtu awe mnyama, naye huifanya kazi hiyo ndani ya moyo wake mwenyewe.

Hapa yafaa kukumbuka mapiko ya Wamakonde, kwani yanaelekea upande mwingine kabisa. Lipiko huvikwa kichwa kizima, na mwili hufungwa nguo hata isionekane ngozi. Wanawake, pamoja na watoto wasioingia jando, walitakiwa wasijue aliyemo ndani. Walikimbia, wakapiga kelele, wakarudi tena kumtania. Nguvu ya lipiko imo katika kuficha, na nguvu ya simba wa New York imo katika kufunua. Lakini katika yote mawili mtazamaji si mtu wa kukaa kando.

Mwaka 1998 mchezo huo ulipata tuzo 6 za Tony: ya mchezo bora wa muziki, kisha uongozaji, uchezaji, mavazi, mandhari na mwanga. Taymor alikuwa mwanamke wa kwanza kupata ile ya uongozaji wa mchezo wa muziki. Tuzo za maandishi na za muziki zilikwenda kwa mchezo mwingine, Ragtime. Yaani waamuzi walilitukuza lile lionekanalo, na kisa wakakiacha. Hatuwalaumu, kisa cha mwana wa mfalme aliyedhulumiwa na baba yake mdogo ni cha kale.

Jambo moja la baadaye lilitufurahisha. Tarehe 2 Oktoba 2011, katika ukumbi wa Minskoff ambako mchezo ulihamia mwaka 2006, yalifanywa maonyesho kwa ajili ya watoto wenye usonji na jamaa zao. Sauti kali zilipunguzwa, mianga ya kumetameta ikaondolewa, na mtoto aliruhusiwa kuinuka na kusema apendavyo. Kwa ukumbi wa Kizungu hilo lilikuwa jipya. Kwetu, ni ngoma gani iliyowahi kumwamuru mtazamaji anyamaze?

Sasa tuyarudie maneno. Sauti za kwaya zilitungwa na Lebo M, mwanamuziki wa Soweto aliyeishi uhamishoni zama za ubaguzi. Mchezo ulipofika Johannesburg mwaka 2007, wito wa Rafiki ulifika kwa watu ambao kwao haukuwa mlio wa ajabu, bali sentensi ya kawaida yenye maana. Mswahili naye husikia asichosikia mwingine. Hakuna matata, maneno yaliyokwisha kuimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982, yaliandikishwa na Disney Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kulipinga jambo hilo.

Lakini lituumalo zaidi ni jina la fisi. Waungwana wa miji ya pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na aliyeitwa hivyo aliweza kukamatwa na kuuzwa. Wakoloni walilikuta neno hilo tayari, wakatuvika sote. Katika filamu na jukwaani vilevile, Shenzi na wenzake wanaishi nje ya mipaka ya mfalme, wenye njaa, na watazamaji hushangilia wanapofukuzwa. Mtoto mmoja wa nyumbani kwetu, tulipokuwa tukiitazama filamu hiyo, aliuliza kwa nini fisi ametukanwa kabla hajafanya kosa. Tulimweleza habari za waungwana na misafara ya watumwa, mpaka filamu ikatupita, na ikabidi tuirudishe nyuma.