Mabwawa ya Mto Tana

Msomaji, ukiondoka Nairobi alfajiri ukashika barabara ya Thika na Matuu, adhuhuri haitakupata kabla hujafika Masinga. Hapo, katika nchi kame ya migunga, utaona maji yametanda hata ng'ambo yake haionekani vema. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 120 hivi, nalo ni kazi ya mikono ya watu.

Ukiufuata mto kuteremka utayakuta mabwawa mengine manne: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Usidhani, hata hivyo, kwamba yalijengwa kwa mfuatano huo. La kwanza lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, zama ambazo Kenya ilikuwa ikinunua umeme kutoka Jinja, Uganda. Kamburu likafuata mwaka 1974, na Gitaru mwaka 1978. Lakini Tana hupungua sana wakati wa kiangazi, na mitambo haingoji mvua. Ndipo Masinga likajengwa juu ya yote, likamalizika mwaka 1981, liwe ghala la maji ya wenzake. Kiambere lilikuja mwisho, mwaka 1988.

Basi maji yale yale hufanya kazi mara tano. Tena utastaajabu kusikia kwamba Masinga, ziwa kubwa kuliko yote, lina mitambo ya megawati 40 tu, hali Gitaru, ambalo ziwa lake ni dogo, lina megawati 225. Umeme hautokani na upana wa ziwa. Hutokana na wingi wa maji yapitayo na kimo yanakoangukia. Nyumba ya mitambo ya Gitaru imechimbwa chini ya ardhi, na wapitao juu yake hawaioni.

Ukisimama juu ya ukuta wa Masinga, wakumbuke pia Wapokomo, waishio mbali huko chini, mto ukaribiapo bahari. Tangu zama za mababu walipanda mpunga na migomba katika udongo ulioletwa na mafuriko ya masika na ya vuli. Ghala hilo lilipojengwa, mafuriko yalipungua, na udongo mwingi ukazama humo ziwani. Umeme ulikwenda mijini. Mashamba yaliyokosa maji yalikuwa yao. Na mvua zinapozidi hata Masinga likafurika, ni watu wa huko chini wanaotangaziwa wahame mabondeni.