Utingo: Chuo cha Madereva wa Matenki Kisichotoa Cheti

Wadau, kuna swali halikosi kitaani: naanzaje kuendesha tenki la mafuta? Vijana wanaona semi linang'aa, safari za Zambia na Kongo, posho ya njiani, wanajua hapo kuna hela. Sawa, hela ipo. Ila mlango wa kuingilia kazi hii una historia yake, na waliotangulia kupita hapo hakuna hata mmoja unayemjua jina. Leo ni zamu yao.

Turudi nyuma. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza. Uingereza ikajibu kwa vikwazo vya mafuta. Rhodesia nayo ikakata mafuta yaliyokuwa yanapita kwake kwenda Zambia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, haina bahari, na uchumi wake wote umekalia migodi ya shaba. Bila mafuta, imekwisha. Ndege zikaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, lakini ndege itabeba kiasi gani? Ikabaki barabara.

Na barabara yenyewe sasa! Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ukivuka mpaka bado hujafika kwenye migodi. Sehemu kubwa haikuwa na lami. Kiangazi vumbi, masika tope la kumeza tairi. Wazungu waliiita njia ya jehanamu, na hawakuwa wanatania. Malori yalipanda na mapipa ya lita 200, yakashuka na shaba kuelekea bandarini. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na Waitaliano, zikaanzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakajaa njiani.

Sasa jiulize: madereva wa malori yote hayo walipatikana wapi kwa haraka hivyo? Huwezi kutundika tangazo leo, kesho ukapata mtu anayejua kushusha lori lenye mzigo mlima Kitonga usiku wa mvua. Mtu wa hivyo anatengenezwa. Na alitengenezewa kwenye kiti cha kushoto, kile cha utingo.

Utingo, au tanboi kama wanavyomwita Kenya, ndiye aliyeweka gogo nyuma ya tairi lori linapozimika mlimani. Ndiye aliyepika, aliyefungua tairi, aliyelala chini ya lori kulinda mzigo. Malipo? Mara nyingi alikula kwa mkono wa dereva tu. Suka akiwa na roho nzuri, unaambulia chochote. Akiwa na roho mbaya, unashushwa popote na begi lako.

Lakini wakati huohuo dogo alikuwa anaangalia. Anaona suka anaingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, hasubiri mpaka lori limeshashika kasi. Anasikia injini ikilia tofauti, anajua kuna kitu. Anajifunza kuwa breki si za kuzikalia mlima mzima, zikipata moto hazishiki tena. Mwaka wa tatu au wa nne, kwenye sehemu ya tambarare, anaachiwa usukani kidogo. Ndiyo ilikuwa mahafali yake.

Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola. Mtu angedhani kazi imekufa. Haikufa, kwa sababu bomba lilifika Ndola, halikufika Lubumbashi, Kigali wala Bujumbura. Mapipa yakapisha matenki, malori yakazidi kuwa marefu, na mpaka leo semi moja linaweza kubeba lita 40,000 hivi.

Na tenki si lori la kawaida. Ukibeba saruji ukafunga breki, mzigo unatulia. Mafuta hayatulii. Yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, na kwenye kona yanalalia upande mmoja. Tenki lililojaa nusu ndilo linacheza zaidi. Ndiyo maana ndani limegawanywa vyumba, na ndiyo maana halijazwi mpaka mdomoni, maana mafuta yakipata joto yanatanuka. Halafu kile kibao cha rangi ya chungwa: ukiona 1203 hiyo ni petroli, 1202 ni dizeli. Hakikuwekwa kwa urembo.

Tumeshaona gharama yake. Januari 2009 kule Sachangwan, Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, hadithi ileile. Kila mahali waliokufa walizidi 100. Wengi hawakuwa na uhusiano wowote na lori; walikuwa majirani, bodaboda, watu wa mtaani waliobeba madumu.

Kwa hiyo leo mambo ni ya makaratasi, na ni sawa kabisa. Unahitaji leseni daraja E. Kuna mafunzo ya magari makubwa pale NIT Mabibo, VETA nao wapo, na wenye mzigo wa hatari wanataka uwe umefundishwa kuhusu mzigo wenyewe. Shida inaanza ukishapata vyeti vyote: tajiri anakuuliza uzoefu. Uzoefu unaupata wapi kama hakuna anayekupa gari? Unarudi kulekule, kiti cha kushoto.

Hapa ndipo nasema tusidanganyane. Kuna wanaosema utingo ni ushamba, kasome chuo. Kuna wanaosema chuo ni makaratasi tu, kazi iko barabarani. Wote wameshika nusu. Darasani utaelewa kwa nini mafuta yanacheza. Kitonga utaijua ukiwa Kitonga, pembeni ya mtu aliyeipita mara mia. Kilichokosekana miaka yote ni mtu wa kulihesabu lile somo la pili. Utingo amefundishwa miaka minne, hana mkataba, hana bima, hana hata karatasi ya kuonyesha alisafiri. Lori likipata ajali, dereva anatajwa kwa jina, yeye anaandikwa "na msaidizi wake".

Kama unataka kuingia, usiruke hatua. Kasome, pata leseni, anza na mzigo mkavu, ufundishwe na suka anayeheshimu mlima. Ila kabla hujapanda, omba maandishi: unalipwa nini, ukiumia nani anakutibu, na safari zako zinaandikwa wapi. Wale wa 1966 hawakupata nafasi ya kuuliza hayo. Wewe unayo.

Na kama kwenu kuna mzee aliyepiga Zambia miaka hiyo, muulize alianzaje. Halafu muulize na utingo wake aliitwa nani.